Makabaila Walipita, Mashimo Yamebaki

Wiki hii naomba niwape likizo ya siasa. Waheshimiwa wapo, hawaendi popote, tutawarudia. Leo nataka tuzungumze kuhusu mashimo. Ndiyo, mashimo. Tena ya Uingereza, tena ya miaka mia saba iliyopita.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi mwenzangu, alicheka nilipomwambia. Akaniuliza, "Shimo nalo ni historia?" Nikamwambia asubiri. Haya ndiyo majibu yake.

Chukua ramani ya Uingereza, zile za kina zinazochapishwa na Ordnance Survey, idara ya ramani ya nchi hiyo. Vitu vya kale humo huandikwa kwa herufi za kizamani, zenye kona kona, tofauti na maandishi mengine. Pitisha kidole juu ya mikoa ya mashariki, Suffolk na Essex, kisha uende katikati ya nchi, Warwickshire na Worcestershire. Utakutana na neno moja linalojirudia katikati ya mashamba: Moat. Pembeni yake kuna umbo la mstatili, mara nyingine la buluu kuonyesha maji, mara nyingine vistari tu vya kuonyesha bonde dogo kwenye nyasi.

Moat ni handaki lililochimbwa kuzunguka nyumba na kujazwa maji. Sisi neno hili tunalo kabla hata ya kuzijua ramani za Mwingereza. Handaki limetoka kwenye khandaq ya Waarabu, na waliopita madrasa wanakumbuka Vita vya Khandaq pale Madina mwaka 627, mji ulipookolewa na mtaro uliochimbwa kwa ushauri wa Salman Mfursi. Kwa hiyo ukimwambia Mswahili "handaki", kinachomjia kichwani ni vita. Na hapo ndipo mahandaki ya Uingereza yanapotupiga chenga, maana mengi hayakuchimbwa kwa ajili ya vita.

Watafiti wa Uingereza wanayajua maeneo ya namna hii yapatayo 6,000. Si ngome za wafalme hizo. Ni makazi ya makabaila wa vijijini, mapadri, nyumba za watawa, na hata wakulima waliokuwa na uwezo kidogo kuliko majirani zao. Katikati kuna kisiwa, kwa kawaida cha pembe nne, na juu yake ilisimama nyumba, jiko, ghala, zizi, pengine kanisa dogo. Kuzunguka ni maji. Daraja moja la kuingilia, basi. Mengi yalichimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350. Miaka mia moja tu!

Sasa tuulize, kulikuwa na nini katika miaka hiyo mia?

Wale wa zama zetu tulifundishwa ukabaila darasa la sita kwa mifano ya Nyarubanja na Umwinyi, tukakariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Uingereza ya karne ya 13 ilikuwa ukabaila wenyewe. Ardhi ilikuwa ya mfalme, akaigawa kwa wakubwa, wakubwa wakaigawa kwa wadogo wao, na chini kabisa alikuwepo mtwana, aliyelima shamba lake siku kadhaa na shamba la bwana siku nyingine bila malipo. Hakuruhusiwa kuhama bila ruhusa. Binti yake akiolewa, alimlipa bwana ada.

Karne hiyo watu walikuwa wameongezeka sana, mashamba mapya yalifyekwa misituni, bei ya nafaka ikapanda, na vibarua wakawa wengi hivyo ujira ukabaki chini. Kwa maneno mengine, mwenye ardhi alineemeka. Na mtu akineemeka, hutaka majirani wajue.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mahandaki, na watafiti wengi siku hizi wanaipa uzito kuliko ile ya ulinzi. Ngome kubwa za mfalme na wakuu zilikuwa na mahandaki. Kabaila wa kijiji hakuwa na fedha za kujenga minara na kuta za mawe, lakini kuchimba aliweza. Akachimba. Jirani yake akaona, naye akachimba. Mkulima huru aliyefyeka msitu wake kule Arden, Warwickshire, naye akaona asiachwe nyuma. Sisi tunaojua geti kubwa la chuma lenye simba wawili wa saruji huku nyumba yenyewe haijapigwa plasta, hatuhitaji maelezo marefu hapa.

Sisemi kwamba ulinzi haukuwepo kabisa. Miaka ya 1264 na 1265 Uingereza iliingia kwenye vita vya mfalme na mabwana wake, na hata vilipokwisha, majambazi hawakukosekana. Handaki la mita kumi linamzuia mwizi wa ng'ombe usiku. Lakini jeshi halilizuii. Mahandaki mengi hayakuwa na ukuta ndani yake, mengine hayakuzunguka pande zote nne. Adui gani huyo anayekuja upande mmoja tu?

Mfano ninaoupenda ni wa Stokesay, Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Mwenye nyumba, Laurence wa Ludlow, hakuwa hata kabaila wa kuzaliwa. Alikuwa mfanyabiashara wa sufu, tajiri kupindukia. Mwaka 1291 akapata ruhusa ya Mfalme Edward wa Kwanza ya kuipa nyumba yake kuta zenye meno kama ngome. Ana mnara, ana handaki, ukiitazama kwa mbali unasema hapa pana vita. Ukisogea unakuta ukumbi wenye madirisha makubwa marefu, mtu anayetarajia mishale hawezi kuyaweka. Laurence alitaka kuonekana bwana. Mwaka 1294 alikufa maji baharini pamoja na shehena ya sufu. Nyumba ilibaki, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoifikia mwaka 1645, ilisalimu amri bila mapigano ya maana. Leo handaki lake ni kavu, limeota nyasi.

Kuna sababu nyingine za kawaida kabisa, ambazo wapenda hadithi za mashujaa huziruka. Maeneo mengi ya mahandaki yako kwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Udongo huo haunyonyi maji. Mvua ikinyesha, ua wote unakuwa tope. Ukichimba mtaro kuzunguka nyumba, na udongo uliotoka ukauinua nao uwanja wa katikati, unapata sehemu kavu ya kujenga. Udongo huohuo unafaa kukandika kuta. Maji yanafaa kunyweshea mifugo, na nyumba za mbao na makuti ya nyasi zikishika moto, ndoo haziendi mbali. Halafu kuna samaki. Kanisa lilikataza nyama siku za Ijumaa na Kwaresima nzima, kwa hiyo mwenye bwawa alikuwa na kitoweo mlangoni. Ila msiwatamani sana samaki hao, maana katika nyumba nyingine vyoo navyo vilimwaga humohumo.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Vitabu vinasema, "Fulani alichimba handaki mwaka fulani." Jamani, fulani hakuchimba. Fulani alielekeza kidole.

Hebu tupige hesabu ya kawaida, ni ya kwangu mwenyewe, mwenye kalamu anifuate. Tuseme kisiwa kina mita 50 kwa 50. Handaki lina upana wa mita 10 juu, linapungua kuelekea chini, hivyo wastani ni mita 7. Kina ni mita 2. Ukizunguka katikati ya handaki unapata urefu wa mita 240. Zidisha: 240 mara 7 mara 2. Unapata mita za ujazo 3,360. Kwa lori la mchanga linalobeba mita 7 za ujazo, hizo ni safari 480. Na hapo hakuna katapila. Kuna sepetu ya mbao iliyovishwa chuma kwenye ncha, kuna sululu, kuna kapu. Mfinyanzi uliolowa ni mzito, unanata kwenye sepetu. Mtu mmoja akichimba na kuhamisha mita 2 za ujazo kwa siku, amefanya kazi kweli. Hizo ni siku 1,680 za mtu mmoja. Wanaume 20 watamaliza kwa siku 84, kama mvua haikuwarudisha nyuma.

Kibarua wa kawaida wakati huo, kuelekea mwaka 1300, alilipwa kiasi cha peni moja na nusu kwa siku. Zidisha tena, unapata peni 2,520. Pauni ilikuwa na peni 240, kwa hiyo handaki letu limegharimu pauni 10 na nusu. Ni kitu gani pauni 10 na nusu? Mwaka 1278 Mfalme Edward aliagiza kila mwenye ardhi ya kumwingizia pauni 20 kwa mwaka apokee cheo cha naiti, yule askari wa heshima mpanda farasi. Kwa hiyo mtu wa ngazi hiyo angetumia nusu ya mapato yake ya mwaka mzima kwenye mtaro. Na kibarua aliyekuwa ndani ya mtaro huo angehitaji siku zote 1,680 kupata fedha hiyo, asile wala asivae.

Wengine walilipwa. Katika hesabu za mashamba makubwa ya Uingereza wanaonekana wachimba mitaro wa kazi hiyo hiyo, waliolipwa kwa kipimo cha urefu walioumaliza. Wengine walikuwa watwana wakitimiza siku zao za bwana. Majina ya makabaila tunayo kwenye hati za ardhi, kwenye makaburi ya mawe makanisani, kwenye majina ya vijiji. Ya wachimbaji ni adimu mno, na hata linapoonekana jina, ni mstari mmoja kwenye daftari la matumizi, kati ya bei ya misumari na bei ya chumvi.

Sherehe ya kuchimba haikudumu. Mwaka 1315 mvua zilinyesha mfululizo, mazao yakaoza, na njaa kubwa ikaendelea hadi 1317. Halafu mwaka 1348 ukaingia ugonjwa wa tauni. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi uliua kati ya theluthi na nusu ya watu wa nchi ile. Waliobaki waligundua jambo moja: mikono yao imekuwa adimu. Wakadai ujira zaidi. Mwaka 1351 Bunge likapitisha sheria ya kuurudisha ujira kwenye viwango vya kabla ya tauni (ndiyo, Bunge lilikuwa upande wa waajiri, msishangae sana). Mwaka 1381 wananchi wa Essex na Kent waliinuka, na moja ya mambo waliyofanya walikopita ni kuchoma madaftari ya mahakama za makabaila, yaliyoandika nani ni mtwana wa nani. Na Essex, kama nilivyosema, ni moja ya mikoa iliyojaa mahandaki. Mashimo hayakuungua.

Mahandaki mapya yaliendelea kuchimbwa kwa uchache, lakini mtindo ulishapita. Nyumba zikahama. Kabaila wa karne ya 16 alitaka bustani na mandhari, hakutaka maji yanayonuka chini ya dirisha la chumba cha kulala. Nyumba za mbao za zamani zilibomolewa au zikaanguka zenyewe. Chache zilisalimika na leo ni vivutio. Ightham Mote iliyoko Kent bado imesimama na maji yake pande zote, tangu karne ya 14. Baddesley Clinton iliyoko Warwickshire nayo ipo, na hiyo ina kisa chake. Oktoba 1591, wakati mapadri Wakatoliki walipokuwa wakiwindwa, askari waliivamia alfajiri. Mapadri wa Kijesuti waliokuwemo walijificha kwenye mfereji wa zamani wa maji machafu chini ya nyumba, wakasimama humo saa zipatazo nne, miguu ndani ya maji, mpaka wasakaji wakaondoka. Nyumba ile inayoonekana kama ngome iliwaokoa watu kwa mfereji wa choo!

Lakini hizo zenye nyumba ni chache. Katika sehemu kubwa ya yale 6,000 kilichobaki ni shimo. London yenyewe inakuonyesha tofauti hiyo bila kutoka mjini. Kule Harrow kuna Headstone Manor, nyumba iliyojengwa yapata mwaka 1310, handaki lina maji, na leo ni makumbusho. Si mbali na hapo, Northolt, karibu na kanisa la Mtakatifu Maria, kuna handaki jingine. Nyumba hakuna. Wanaakiolojia walianza kuchimba pale mwaka 1950 na kukuta mabaki ya jiko na majengo mengine. Juu ya ardhi, mpita njia anaona bonde la pembe nne na nyasi. Watu wanapitisha mbwa wao hapo.

Na kuna yaliyofutika kabisa. Birmingham, jiji la pili kwa ukubwa Uingereza, lilikua kando ya handaki. Familia ya kabaila wa hapo, akina de Birmingham, waliishi kwenye nyumba iliyozungukwa na maji, na mwaka 1166 Peter de Birmingham alipata kibali cha mfalme cha kuendesha soko. Soko ndilo lililouzaa mji. Karne ziliposonga, mji ukalimeza handaki. Mwaka 1816 lilikuwa limekwisha kufukiwa, na mwaka uliofuata soko la Smithfield likafunguliwa juu yake. Miaka ya 1970, likijengwa soko jipya la jumla, wanaakiolojia walipata nafasi ya kuchimba na kukuta kuta za mawe za karne ya 13 zikiwa bado chini. Zikafunikwa tena. Soko hilo nalo lilihama mwaka 2018, na eneo likapangiwa ujenzi mpya. Kilichobaki wazi kwa mpita njia ni jina la mtaa: Moat Lane.

Vijijini adui alikuwa trekta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilitaka chakula kingi, na serikali ilitoa ruzuku kwa wakulima kulima malisho ya zamani na kukausha mabonde. Handaki lililokaa kimya miaka 600 lilisawazishwa kwa buldoza kwa siku chache. Simlaumu mkulima moja kwa moja. Alitakiwa alishe taifa, na shimo lile kwake lilikuwa eka asiyoweza kuipanda. Watafiti waliliona hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaunda kikundi maalumu cha kuyatafuta na kuyaorodhesha maeneo haya kabla hayajaisha. Ulinzi wa mambo ya kale kisheria ulikuwepo tangu 1882, na sheria inayotumika sasa ni ya 1979: eneo likiingizwa kwenye orodha, kulivuruga bila kibali ni kosa la jinai. Mengi ya mahandaki yameorodheshwa. Mengine hayamo, na hayo yanategemea moyo wa mwenye shamba.

Sasa, shimo linatwambia nini? Hapa namjibu rafiki yangu.

Chini ya handaki lenye maji hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo vitu haviozi upesi. Mguzo wa daraja, kiatu cha ngozi, bakuli la mbao, mbegu za matunda, vyote vinaweza kukaa humo karne kwa karne. Mguzo ukiwa mzima, mtaalamu husoma miduara ya mti na kukupa mwaka au miaka uliokatwa. Udongo uliomwagwa juu ya kisiwa umeufunika uso wa ardhi ya zamani zaidi, kwa hiyo chini yake unaweza kukuta shamba lililolimwa kabla kabaila hajafika. Lakini kausha handaki mara moja, hewa iingie, na kila kitu huanza kuoza. Huwezi kusema utalijaza maji tena mwakani. Daftari likishaungua limeungua.

Na kusoma shimo hakuhitaji utajiri. Unaenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini, vivuli vinajichora vyenyewe. Unatazama mimea, maana upupu wa kizungu hupenda kuota palipokaa watu na mifugo. Unatazama kona, kwa sababu maji yakijichimbia yenyewe hayatengenezi kona ya mraba. Kona ya mraba ni mkono wa mtu. Tangu mwaka 2015 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ametoa bure vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kwa leza kutoka kwenye ndege, ambavyo vinaondoa miti na kuonyesha udongo ulivyo. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anaweza kuona mstatili kwenye msitu, mstatili ambao mwenye msitu wake hajawahi kuujua.

Sisi waandishi tumezoea kwamba habari ni aliyesema nini. Asiyesema, hatuna pa kumweka. Watu waliochimba mahandaki yale hawakuachiwa nafasi ya kusema. Hawakuandika, hawakuchorwa, makaburi yao hayana mawe. Lakini walikata udongo kwa siku 84, wakaubeba kwa kapu, na kazi yao ipo. Ukumbi wa bwana umeanguka, na mara nyingi jina la bwana mwenyewe linajulikana na watafiti watatu tu. Kona ya mraba iliyokatwa na mtwana kwenye mfinyanzi bado inaonekana kutoka angani.

Basi, rafiki yangu, shimo ni historia. Ni ukurasa pekee walioachiwa watu wale, na unafutika kwa siku moja ya buldoza.

Wiki ijayo tutarudi kwa waheshimiwa. Alamsiki.